SOMO: Mbwa kafa ghafla na povu puani? Kabla hujamshika jirani kwa sumu, pima moyo

Wakuu, ndani ya wiki moja nimeulizwa mara nne swali lile lile: "Watoto wa mbwa wamekufa ghafla, povu puani, ni sumu?" Naandika mara moja. Ukiniuliza tena nakurudisha hapa.

Sumu ipo, sikatai. Ila povu peke yake halithibitishi sumu. Moyo ukishindwa kusukuma damu, maji hujaa mapafuni, na mbwa akihema kwa nguvu yale maji hutoka puani yakiwa povu, pengine lenye wekundu kidogo. Sumu nyingi za wadudu huleta mate ya kumwagika, kutetemeka, kuharisha na mboni za macho kusinyaa. Mtoto aliyenyonya vizuri asubuhi, mchana akalia mara moja na kudondoka, mimi nawaza moyo kwanza.

Ugonjwa wenyewe ni uvimbe wa misuli ya moyo, madaktari wanauita mayokaditisi. Chembe nyeupe za damu zinaingia ndani ya msuli kupigana na kitu, na vita hiyo inauharibu msuli. Kwa hiyo ukiambiwa "moyo umevimba", bado hujaambiwa kilichouvimbisha.

Hatua ya 1. Mfungie mbwa aliye hai unayemhofia. Hakuna kukimbia, hakuna kuoga, hakuna kucheza na watoto.

Hatua ya 2. Hesabu pumzi akiwa usingizini. Zikizidi 30 kwa dakika na zikabaki hapo, ni safari ya daktari leo, si kesho.

Hatua ya 3. Kiganja kimoja kifuani upande wa kushoto, nyuma ya kiwiko. Vidole vya mkono wa pili ndani ya paja, pale mshipa unapodunda. Hesabu vyote kwa pamoja dakika nzima. Mbwa mkubwa aliyetulia huwa kati ya 60 na 100, mdogo hufika hadi 140 hivi. Idadi si kitu sana. Unachotafuta ni pigo la kifuani ambalo halifiki pajani. Ukilipata mara kwa mara, moyo unapiga ovyo. Mwambie daktari kabla hajaweka dripu, kwa sababu dripu ya haraka kwa moyo mbovu inayamalizia mapafu.

Hatua ya 4. Andika historia, kwani ndiyo inayoelekeza vipimo. Chini ya wiki nane na mama hajachanjwa: pavo, virusi vya kuharisha damu. Umri wowote na ana kupe: Babesia, kimelea cha ndani ya chembe nyekundu za damu, ambayo kwetu inaweza kufanya mkojo uwe kama chai ya rangi na fizi ziwe nyeupe, au Ehrlichia, bakteria wa kupe, ambayo huja taratibu kwa homa, kukonda na damu puani. Anaishi au amepita karibu na pori lenye mbung'o: Trypanosoma, jamii ya vimelea vya malale, na hapo angalia macho, yanaweza kuwa na ukungu mweupe na uso ukajaa. Anakula nyama mbichi na mabaki ya machinjioni: vimelea vya Neospora na toksoplasma. Kidonda kichafu au meno yaliyooza: bakteria kupitia damu. Distempa, ugonjwa mwingine wa virusi, nayo imo. Halafu yako mambo yanayouumiza moyo bila maambukizi: kuumwa na nyoka, kuachwa kwenye gari juani, kugongwa kifuani. Mwenye Boxer au Doberman ajue pia kwamba aina hizo zina magonjwa ya moyo ya kurithi yanayofanana na haya.

Hatua ya 5. Damu itolewe KABLA ya sindano yoyote. Chupa ya kifuniko cha zambarau kwa kuangalia vimelea na PCR (kipimo cha vinasaba vya kimelea), chupa isiyo na dawa kwa troponini (naieleza hatua ya 6) na kingamwili. Tone la ncha ya sikio kwenye kioo cha darubini huonyesha Babesia vizuri kuliko damu ya mguuni.

Hatua ya 6. Vipimo vya moyo. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inaonyesha mdundo ulioharibika. Ultrasaundi inaonyesha kama moyo unabana vizuri. Eksirei inaonyesha ukubwa wa moyo na maji mapafuni. Troponini ni protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia, lakini hupanda hata figo zikifa au tumbo likijipinda. Hakuna hata kimoja hapo kinachosema peke yake "huu ni uvimbe". Daktari anajumlisha. Jibu la uhakika ni kipande cha msuli chini ya darubini, na kwa mbwa aliye hai kwetu karibu hakuna anayekitoa. Ndiyo maana hatua ya 7 nairefusha.

Hatua ya 7. Akifa, usimgandishe.

Hii niliiharibu mwenyewe mwaka 2014. Jike langu chotara alizaa watano. Wakiwa na wiki sita, wawili walikufa siku moja, wa tatu kesho yake, povu puani. Nikaenda kumfokea jirani mwenye kuku, mbele ya wanawe. Kisha nikamfunga yule wa tatu kwenye mfuko na kumlaza kwenye friza, chini ya samaki, nikijiona mjanja. Siku nne baadaye nikampeleka maabara. Mtaalamu akampasua, akanionyesha mapafu mazito na michirizi myeupe kwenye moyo, halafu akaniambia: "Ungemleta siku ile ile." Barafu inapasua chembe za msuli, chini ya darubini huoni uvimbe, unaona matobo. Nilirudi nyumbani bila jibu na jirani nimeshamtukana.

Basi fanyeni hivi. Mzoga uwekwe kwenye friji ya kawaida, si friza, na ufike ndani ya siku moja. Kama ni mbali, daktari akate moyo vipande visivyozidi unene wa sentimita moja, pande zote mbili na ukuta wa katikati, maana uvimbe hukaa kwa madoa na kipande kimoja kinaweza kuangukia penye uzima. Fomalini ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wa nyama. Kipande kingine kibaki bila fomalini kwa PCR. Yaliyomo tumboni yafungwe peke yake. Hayo ndiyo ya kugandisha, kwa kipimo cha sumu. ONYO: kama mbwa alibadilika tabia au aliuma mtu, usimguse wala usimpasue, waite watu wa mifugo. Kichaa cha mbwa hakina mzaha.

Pa kupeleka: Tanzania tuna maabara ya mifugo ya serikali, TVLA, pale Temeke na hospitali ya wanyama ya chuo kikuu cha kilimo SUA, Morogoro. Kenya kuna kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, Upper Kabete, Uganda kuna Chuo Kikuu cha Makerere.

MASWALI

Jemedari77: Mkuu, mbwa wangu anakohoa, dawa gani nimpe?
Mwandishi: Umri? Chanjo? Kupe? Pumzi ngapi? Hatua ya 2 hadi ya 4, kisha rudi. Na usimpe diklofenaki ya babu.

Fundi Bomba: Mimi mbwa akilegea nachoma Berenil tu, anaamka. Haya ya maabara ni kupoteza hela.
Mwandishi: Waliolala hujatuhesabia. Dawa hiyo ya vimelea vya damu kwa mbwa ina kiasi finyu kati ya kutibu na kudhuru. Ikizidi inagonga ubongo, na dalili huweza kuja siku kadhaa baadaye, ukasema ni ugonjwa. Tena ukichoma kwanza, vimelea vinapungua kwenye damu na kioo kinasoma safi. Hiyo si akiba ya hela, kaka.

Binti Kihonda: Shikamoo. Naomba kuelewa: kwa nini pavo wakubwa inawaharisha damu, lakini wadogo inawapiga moyo?
Mwandishi: Marahaba dada, ahsante kwa kusoma. Virusi hivi huzaliana ndani ya chembe zinazogawanyika. Kwa mbwa aliyekua kiasi, chembe zinazogawanyika kwa kasi ziko kwenye utumbo. Kwa kichanga cha wiki mbili za mwanzo, moyo nao bado unagawanya chembe, hivyo unaingiliwa. Anaweza kufa wiki ya tatu hadi ya nane, au akapona, akabaki na makovu na moyo ukachoka miezi kadhaa mbele. Pavo ilipoibuka mwaka 1978 majike hayakuwa na kinga, watoto wakafa hivyo nchi nyingi. Siku hizi jike aliyechanjwa hupitisha kingamwili kwenye maziwa ya kwanza. Kwetu majike mengi hayajawahi kuona sindano, kwa hiyo nawe mchanje kabla hajapandwa.

Otis wa Rongai: Troponini nilipimiwa kwenye maabara ya watu. Mashine ilisoma.
Mwandishi: Kweli, troponini I ya mbwa na ya mtu zinakaribiana sana na mashine nyingi huisoma. Ila si zote, na viwango vya kawaida vya kwenye karatasi ni vya binadamu. Mpe daktari wa wanyama asome yeye.

Mpemba Houston: Huku Texas hatuna mbung'o. Nipumue?
Mwandishi: Usipumue bado. Huko kuna Trypanosoma cruzi, inaletwa na mdudu mnyonya damu wa jamii ya triatomini, na mbwa huipata hata kwa kumla. Inaupenda moyo kuliko hii yetu. Omba kipimo cha kingamwili, na usimlaze mbwa chini ya taa ya nje.

Mama Simba: Banda lenye pavo nalisafisha na nini? Dettol imetosha?
Mwandishi: Haitoshi. Toa kinyesi chote kwanza, osha kwa sabuni, kisha jiki sehemu moja kwa ishirini za maji, iache dakika kumi. Sakafu ya udongo hapo huna ujanja, watoto wapya wazaliwe kwingine.

Binti Kihonda: Samahani, na yule jirani?
Mwandishi: Nilimpelekea tray ya mayai. Akaniuliza kama nimeyapima.

Jemedari77: Pumzi 44 amelala. Ana miezi mitatu, chanjo hana.
Mwandishi: Ondoka sasa hivi. Mbebe, asitembee. Na umwambie daktari suala la dripu.