Martinsville kwa pedi: namna ya kumaliza mizunguko 50 matairi yakiwa bado yanashika

Ukifungua NASCAR Heat 5, gemu ya mbio za magari za Kimarekani ziitwazo NASCAR, kwa mara ya kwanza, kidole kitakuvuta kwenda viwanja vikubwa vya Daytona au Talladega, maana huko ndiko kuna mwendo mkali na magari 40 yaliyobebana. Nakuomba uanzie Martinsville. Kiwanja hiki kiko Virginia, Marekani, kimekuwepo tangu 1947, na mzunguko wake mzima ni kama mita 850 tu. Ni minyoosho miwili, na kila mwisho wa mnyoosho kuna kona iliyobana. Wamarekani wanakiita kibanio cha karatasi, na ukikitazama kwa juu utaona kwa nini.

Hapa mwendo peke yake haukusaidii kitu. Gari la kilo zipatazo 1,500 lenye nguvu za farasi 750 linafika mwisho wa mnyoosho likiwa limepamba moto, na kona imeinama nyuzi 12 tu. Usipolituliza kwanza, litakwenda moja kwa moja ukutani. Ukiweza kulituliza hapa, viwanja vingine vifupi vitakuwa vyepesi kwako.

Natumia pedi ya kawaida ya PlayStation 4. Usukani ni mzuri, lakini bei yake sote tunaijua, na hakuna hatua hapa chini inayouhitaji.

Hatua ya 1: Mipangilio

Zima msaada wa breki kabla ya kingine chochote. Martinsville ni kiwanja cha breki. Gemu ikikufungia breki yenyewe, kazi yote imefanywa na gemu. Ule msaada unaozuia mkia wa gari kukimbia uache umewashwa kwa siku chache za mwanzo, halafu upunguze taratibu. Uharibifu wa gari weka kamili. Uchakavu wa matairi uongeze, ili mbio zako za mizunguko 50 zikuonyeshe yale ambayo dereva wa kweli anayaona katika mizunguko 500.

Kamera ninayoipendekeza ni ya boneti. Ile ya nyuma ya gari inapendeza, ila inakuficha mstari wa chini wa kona, na mstari huo ndio riziki yako hapa.

Hatua ya 2: Mizunguko 20 peke yako

Ingia kwenye mazoezi, bila wapinzani, na usiangalie muda. Shughuli yako ni kutafuta alama ya breki: doa la rangi ukutani, mwisho wa uzio, chochote kisichohama. Chagua alama moja kwa kona ya 1 na nyingine kwa kona ya 3 (kila mwisho wa mnyoosho huhesabiwa kona mbili, ya kuingilia na ya kutokea: 1 na 2, kisha 3 na 4). Pia kuna alama ya bure: kwenye minyoosho ni lami na kwenye kona ni zege, kwa hiyo rangi ya barabara inabadilika mbele yako. Ukifika kwenye zege bado hujagusa breki, umechelewa.

Katika mizunguko hii usivute R2, kitufe cha mafuta, mpaka mwisho hata mara moja. Nusu inatosha.

Hatua ya 3: Kona yenyewe

Hapa ndipo unaposhinda au kupoteza mbio, na hapa ndipo nilipotumia wiki nyingi kuliko pengine pote.

Gawa kona mara tatu. Kwanza, funga breki gari likiwa bado limenyooka. Vuta L2, kitufe cha breki, kwa nguvu mwanzoni, halafu iachie kidogo kidogo unapoanza kupeleka kijiti kushoto. Ukibana breki yote huku umekata kijiti chote, tairi la mbele kulia linaburuzwa badala ya kuviringika, pua inakataa kukata, nawe unapanda juu kuelekea ukutani.

Pili, subiri. Kuna kipande katikati ya kona ambacho hutakiwi kugusa mafuta wala breki. Gari linazunguka lenyewe, limeinamia upande wa chini. Kipande hiki ni kifupi mno, lakini ukiwa ndani yake utakiona kirefu, na kidole kitawasha kutaka mafuta. Kizuie. Karibu kila kosa nililowahi kulifanya Martinsville limeanzia hapo, kwa kuvuta R2 mapema kidogo tu.

Tatu, ondoka. Pua ikishatazama mnyoosho, vuta R2 kama unavyofungua bomba lenye presha, polepole, maji yasikurukie. Wakati huohuo kiachie kijiti kirudi katikati, uliache gari litanuke lenyewe kuelekea ukuta wa nje. Ukiendelea kulishikilia chini huku unaongeza mafuta, tairi la nyuma kulia linazunguka bure, na mkia unakupita.

Tumia masikio. Tairi linalolia kwa sauti nyembamba, ya mbali, linafanya kazi. Likipiga kelele nzito lilishazidiwa. Kwangu mimi sauti hiyo ni muhimu kuliko muda unaoonekana kwenye kioo.

Hatua ya 4: Pima

Chukua daftari. Endesha mizunguko 20 mfululizo, andika muda wa mzunguko wa 3 na wa mzunguko wa 20. Kwa mipangilio niliyoitaja, tofauti ikizidi nusu sekunde najua nimeyachoma matairi mahali fulani, hata kama mzunguko wa 3 ulikuwa mzuri sana.

Kabla ya kulaumu mkono wako, gusa kile kitelezi cha gari kinachoanzia Tight kwenda Loose. Upande wa Tight pua inakuwa nzito kukata lakini mkia umetulia; upande wa Loose gari linageuka kwa urahisi na mkia unakuwa mwepesi. Kwa pedi, anza pointi chache upande wa Tight. Sogeza moja moja, na kila ukisogeza rudia mizunguko 20. Ukisogeza tatu kwa mpigo hutajua ipi ilikusaidia.

Kuhusu kuegemea ukuta

Lazima nilizungumzie, kwa sababu kila anayeanza anakuja na video ya dereva aliyewapita wenzake kwa kuliegemeza gari ukutani. Tarehe 30 Oktoba 2022, hapahapa Martinsville, dereva Ross Chastain aliingia mzunguko wa mwisho akiwa wa 10, akihitaji nafasi zaidi ili aende kwenye fainali ya ubingwa huko Phoenix. Akaweka gia ya tano, akaliegemeza gari ukutani kwenye kona ya 3, akashikilia mafuta. Akatoka kona ya 4 akiwa amewapita watano. Mzunguko ule ulichukua sekunde 18.845, chini ya rekodi ya Joey Logano ya 2014 ya sekunde 18.898. Alipoulizwa wazo alilitoa wapi, alisema alipokuwa mtoto alicheza sana gemu ya NASCAR 2005 kwenye GameCube, mashine ya gemu ya Nintendo.

Nalipenda tukio hilo kwa moyo wote. Mtu alikumbuka gemu ya utotoni katika sekunde za mwisho za mbio, akaiamini. Naye si peke yake aliyeleta kitu barabarani kutoka kwenye gemu: dereva William Byron alianzia iRacing, gemu ya mbio za kwenye kompyuta, kabla ya kushika gari la kweli, kisha akashinda Daytona 500 mwaka 2024 na 2025.

Lakini NASCAR, wasimamizi wa mbio hizi, walitangaza Januari 2023 kwamba atakayerudia ule mtindo ataadhibiwa. Na gari ambalo Heat 5 ilitoka nalo ni la kizazi kilichotangulia, lina gia nne. Ukiwa umeweka uharibifu kamili, ukuta utakumaliza. Acha kona ya 3 ikufundishe breki.

Hatua ya 5: Wapinzani

Sasa ongeza magari. Kila mtu anataka njia ya chini, maana ndiyo fupi. Ukisukumwa juu na foleni ikabana chini yako, utahesabu magari matano au sita yakipita kabla hujapata upenyo wa kurudi.

Kulipita gari, usisubiri kona. Toka vizuri kwenye kona iliyotangulia, uwe na mwendo zaidi kwenye mnyoosho, na pua yako ifike kwenye mlango wake upande wa ndani kabla ya alama yako ya breki. Ikiwa umefika kwenye tairi lake la nyuma tu, rudi nyuma, ngoja mzunguko mwingine. Kumgusa bampa kidogo katikati ya kona, asogee juu, ni jambo la kawaida kabisa Martinsville. Kumgonga akiwa anafunga breki kunaleta bendera ya njano, ambapo wote wanapunguza mwendo na kupanga foleni, na kunakuharibia pua.

Bendera ya njano ikitoka, amua kama utaingia piti, kule kunakobadilishwa matairi. Ikiwa imebaki mizunguko zaidi ya 20, badilisha matairi yote manne hata ukipoteza nafasi, utazirudisha. Ikibaki chini ya 8, mimi hubaki barabarani. Katikati ya hapo angalia daftari lako: kama tofauti yako ni ndogo, baki.

Ukishinda hapa kwenye mbio za kweli hupewi kombe, unapewa saa ndefu ya kusimama sakafuni, utamaduni wa tangu 1964.

Baada ya hapo

Tofauti ikikaa chini ya nusu sekunde siku tatu mfululizo, ongeza ugumu wa wapinzani kwa pointi tano na urudie hatua ya 5. Kisha nenda Richmond, ambako kona ni pana zaidi na kile kipande cha kusubiri ni kirefu zaidi. Bristol iache kwa sasa. Kona zake zimeinama sana, zinakubeba hata ukivuta mafuta mapema, na utarudi Martinsville na kidole kilichosahau kusubiri.