Kabla hujafunga LSD kwenye pikapu yako: pima kwanza, nunua baadaye

Pikapu ikiwa haina mzigo nyuma inakua nyepesi, na shida inaanzia hapo. Tairi moja ya nyuma ikiingia kwenye nyasi mbichi au tope la pembeni, unakanyaga mafuta, ile ya kwenye tope inazunguka kama feni na mwenzake aliyeko pakavu katulia tu. Wengi wanadhani difu, ile gia ya katikati ya ekseli ya nyuma inayogawa nguvu ya injini kwa tairi mbili, imepeleka nguvu yote kwa ile inayoteleza, sivyo. Difu ya kawaida inagawa nguvu ya kusukuma nusu kwa nusu, sasa kama huku kunapokelewa kidogo sana basi na kule kunafika kidogo hichohicho, gari haitoki. LSD, yaani difu ya limitedi slipu, kazi yake ni kuvunja huo usawa ili tairi yenye mshiko ipate zaidi.

Ila kabla hujatoa hela hakikisha huna tayari, maana kuna pikapu zinatoka nayo kiwandani na mwenyewe hajui. Weka gia fri, zuia tairi za mbele kwa mawe au mbao, toa hendibreki, inua ekseli ya nyuma tairi zote mbili zikae hewani juu ya stendi (sio jeki peke yake jamani, jeki inateleza) halafu zungusha tairi moja kwa mkono. Ya pili ikizunguka kinyume mara nyingi hiyo ni difu ya kawaida, au ni LSD ya klachi pleti iliyokwisha, zote zinafanya hivyohivyo. Ikizunguka upande uleule basi unayo na inashika.

Ukijua huna, jiulize gari inafanya kazi gani. LSD ya klachi pleti inakandamiza pleti ndani ya difu, inashika vizuri na pleti zikiisha zinabadilishwa, lakini zinaisha kweli, na inataka oili yenye dawa yake ya kupunguza msuguano, ukikosea hapo kila ukikata kona kali nyuma inatetemeka na kulalamika. Ya gia za mshazari kama Torsen au Truetrac ya Eaton haina pleti za kuisha na inafanya kazi kimyakimya, mi kwa pikapu ya kila siku, barabara mbovu na tela mara mojamoja, naichagua hii. Udhaifu wake ni pale tairi moja ikining'inia hewani kabisa, hapo inabaki karibu sawa na difu ya kawaida mpaka ukanyage breki kidogo huku unatoa mafuta, breki inaipa ile tairi ya hewani kitu cha kusukumana nacho. Kama kazi yako ni kupanda mawe na kuvuka makorongo kila wiki basi unachotafuta ni loka, yaani difu inayofunga tairi zote mbili zizunguke pamoja, sio LSD.

Sasa vipimo, na hapa naomba usiharakishe kabisa. Mi niliwahi kuagiza difu kwa kuangalia jina la gari na mwaka tu, ilipofika meno ya ndani hayakulingana na meno ya hafu shafti (chuma kinachotoka kwenye difu kwenda kwenye tairi), gari ikakaa juu ya stendi wiki nzima. Gari ya jina moja na mwaka mmoja inaweza kuwa na ekseli mbili tofauti. Kwa hiyo jua ekseli ni aina gani, hesabu meno ya mwisho wa hafu shafti kwa mkono wako, na jua ratio, yaani propela shafti (ile inayotoka kwenye gia boksi kuja kwenye difu) inazunguka mara ngapi tairi zikizunguka mara moja. Ratio unaipata hata bila kufungua kitu: kwa difu ya kawaida, tairi moja ibaki chini, nyingine inua, gia fri, zungusha ile iliyo juu mizunguko miwili kamili huku mwenzako anahesabu propela shafti. Ikizunguka mara 4 na kidogo ratio yako iko kwenye 4.10 hivi. Ukishafungua unahakikisha kwa meno, krauni (gia kubwa ya difu) meno 41 gawa kwa pinioni (gia ndogo inayoizungusha) meno 10 ndo hiyo 4.10. LSD yenyewe haibadilishi ratio, ila kuna ekseli kama Dana 44 ambayo difu inayokaa vizuri kwenye 3.73 haikai kwenye 3.92, kwa hiyo hiyo namba lazima uwe nayo ukienda kununua.

Vitu vya kununua pamoja na difu: beringi mpya za pembeni, shimu (vile vibati vyembamba vya kupanga nafasi), sili za ekseli, gasketi, boliti mpya za krauni na gundi yake, na oili anayotaka mtengenezaji wa hiyo difu, soma karatasi yake.

Kufunga sio kazi ya spana na nguvu tu. Muulize fundi kama ana dayo geji (saa ya kupimia nafasi ndogondogo), kama hana mtafute mwingine, sisemi kwa kumdharau mtu. Kabla hajafungua apake rangi kwenye meno ya krauni, azungushe, apige picha alama ilivyokaa, hiyo ndo kumbukumbu yako. Zile kofia za beringi azipige alama ya kushoto na kulia, juu na chini, zimechongwa pamoja na nyumba yake na ukizigeuza beringi haikai. Kama krauni na pinioni ni zilezile, pinioni isiguswe. Kinachopangwa ni shimu za pembeni mpaka ule mchezo kati ya meno ufike kipimo cha kitabu, ekseli nyingi ni kama milimita 0.13 hadi 0.20, hata unene wa karatasi mbili za kuandikia haupiti. Rangi tena, alama ikae katikati ya jino, ikikimbilia ncha au shina itaanza kulia ukiwa spidi na meno yataliwa.

Tairi za nyuma ziwe saizi moja na zimelika sawasawa, zikitofautiana LSD itafanya kazi muda wote hata kwenye lami. Na tangu siku hiyo usiwashe gari ukaingiza gia tairi moja ikiwa juu ya jeki, ile iliyo chini itasukuma na gari itaruka. Kwenye mvua pia, pikapu tupu, ukikanyaga kwa pupa kwenye kona tairi zote mbili zinaweza kuachia pamoja na mkia ukatoka, nenda taratibu mpaka uizoee.

Ya klachi pleti, ikishawekwa oili tafuta uwanja mpana uzunguke polepole kama unaandika namba 8, mara kadhaa kila upande, oili iingie katikati ya pleti. Kama umeweka krauni na pinioni mpya, safari ya kwanza iwe fupi halafu iache ipoe kabisa, usivute tela kwa kilomita 800 hivi za mwanzo, ukifika hapo mwaga oili uweke nyingine. Nati ya kumwagia ikiwa na sumaku iangalie: unga laini wa kijivu ni kawaida, ukikuta kipande unachoweza kukishika kwa vidole fungua difu kabla hujaendesha tena.