Kufungua bolti iliyogoma kwa spana ya kugonga

Nina kilo 56, na kazi yangu ni matingatinga na ekskaveta. Nilipokuwa spana boi, kila bolti ikigoma nilikimbilia bomba la chuma, nalivisha kwenye mkono wa spana, kisha naning'inia. Siku moja nilikuwa nafungua bolti za gurudumu la meno, lile linalovuta cheni. Bolti ikakatika ghafla. Nikaanguka chali, bomba likanifuata, na kipande cha bolti kikabaki kimezama ndani ya tundu lake. Kukitoboa kile kipande kulinila siku nzima, nimelala ubavu kwenye tope. Tangu hapo bomba nalishika kwa nadra sana. Nagonga.

Ukivuta kwa bomba, nguvu inapanda polepole na bolti inajisokota kama nguo inayokamuliwa, huku nyuzi, ile mistari ya kuzunguka kwenye bolti na ndani ya nati, zikiwa bado zimeshikana. Ama ziachie kwa mkupuo, ama shingo ya bolti ikatike. Pigo la nyundo linafika na kuondoka kufumba na kufumbua, na kila likifika linatikisa kutu iliyojaa kati ya nyuzi. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana bolti ya miaka mingi imebana kuliko siku ilipokazwa. Lakini kutu haipindi, inapasuka. Ukiigonga inamung'unyuka.

Spana ya kugonga utaitambua kwa mkono wake mfupi mnene, wenye kisigino bapa cha kupokea nyundo. Kichwa chake ni duara nene linalokumbatia nati pande zote. Usidanganyike kugonga spana ya kawaida: itapinda, au itaruka na kuja usoni. Kwa bolti ndogo na skrubu ninayo bisibisi ya kugonga, ile nene kama gunzi la mahindi, unayoipiga nyundo kisogoni. Ndani yake kuna njia iliyopinda kama ngazi ya kuzunguka, kwa hiyo pigo moja linasukuma chini na kuzungusha kwa wakati mmoja. Kule kusukuma chini ndiko kunakookoa kichwa cha skrubu kisiliwe. Kabla hujapiga, zungusha shingo yake uone imeelekezwa kufungua. Nimewahi kukaza skrubu kwa mapigo kumi nikishangaa mbona haitoki. Kuna na spana ya gia, unayoizungusha mkono mara nyingi nati iende mara moja. Nzuri sana kwa nati za magurudumu, lakini hiyo haigongwi, na mguu wake unaoegemea nati ya jirani unaweza kukusaga kidole.

Ukivisha soketi kwenye kifaa chochote kinachogongwa, tumia zile nyeusi nene za pembe sita. Zile zinazong'aa ni ngumu kwa juu na hupasuka vipande.

Sasa kipimo. Mashine nyingi za zamani zina bolti za inchi. Nati ya inchi 1 1/8 ni milimita 28.6. Ukiivisha spana ya 30 inaingia vizuri, unafurahi, kumbe inacheza karibu milimita moja na nusu. Pigo la tatu pembe zimeshaliwa, na hapo tatizo ulilokuwa nalo limekuwa dogo kuliko ulilolitengeneza. Spana sahihi inaingia kwa kusugua kidogo. Ikikataa, kwangua rangi na tope kwanza.

Kabla ya nyundo: shusha chini ndoo ya ekskaveta au bapa, lile bamba la mbele la tingatinga, zima injini, toa presha ya hidroliki, na kama bolti imebeba kitu, kitegemeze. Sugua nyuzi zinazoonekana kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, maana mafuta hayapenyi tope. Mwagia mafuta ya kupenya, piga kichwa cha bolti mara kadhaa, nyundo ikishuka juu yake moja kwa moja, mwagia tena, uende ukafanye kazi nyingine. Mimi namwagia jioni, nafungua asubuhi. Dakika tano wanazoweka wengine zinalowesha nati kwa nje tu.

Kisha chora mstari wa chaki, uanzie kwenye nati uvuke mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Usiuruke. Bolti kubwa ikianza kwenda inasogea chini ya milimita moja kwa pigo, na jicho haliwezi kuona bila mstari. Watu wengi huacha kugonga wakati nati imeshaanza kutii.

Hakikisha upande unaofungulia. Ukiwa umelala nyuma ya kitu, mkono unakudanganya. Jiweke akilini kama unaitazama nati uso kwa uso. Baadhi ya malori yana nyuzi za kinyume kwenye magurudumu ya kushoto, na mara nyingi bolti imepigwa chapa ya L.

Spana usiishike kwa mkono wakati wa kugonga. Funga kamba kwenye mkono wake, msaidizi aivute taratibu kuelekea upande wa kufungulia ili spana isicheze, naye asimame nje kabisa ya njia ya nyundo. Vaeni miwani nyote wawili. Nyundo iliyochanua kingo kama uyoga iache, inarusha vipande.

Pigo la kwanza mimi napiga kuelekea kukaza, dogo tu. Linavunja kutu bila kudai nati itoke. Halafu geuza spana. Nyundo ya kilo 4 au 5 iliyoinuliwa kiasi na kuachwa ishuke kwa uzito wake inafanya kazi kuliko nyundo ndogo inayopigwa kwa hasira. Lenga kisigino katikati, mapigo matatu, tazama chaki. Matatu mengine, tazama. Sikiliza pia. Nati iliyoshika inalia *nginn*, mlio mkali unaorudi mpaka kwenye viwiko. Ikianza kuachia mlio unakuwa mzito, *dup*, na nyundo hairudi juu tena. Ukiusikia huo, usibadilishe chochote, endelea vilevile.

Ikifunguka robo mzunguko kisha ikabana tena, irudishe nyuma kidogo, ongeza mafuta, uje mbele. Kuilazimisha hapo ndipo nyuzi zinapochunika.

Mapigo 30 chaki haijasogea? Leta moto, ila ichome nati, siyo bolti, ili nati itanuke. Mbali na mipira ya hidroliki na sili. Na kamwe usichome nati wala rimu yenye tairi, hata kama tairi halina upepo: mpira ukipata joto ndani unatoa gesi, na tairi hulipuka na kuua. Kama bolti iliwekewa gundi nyekundu ya kushikisha nyuzi, joto ndilo linaloilainisha, kwa hiyo hapo moto uje mapema.

Bolti yenye chapa ya 10.9 kichwani, yaani ya chuma kilichokomazwa, ikishapigwa moto hairudi kwenye mashine, hata kama inaonekana nzima; joto limeshaiharibu ugumu. Nyingine zipitishe kidole kwenye nyuzi. Ukihisi sehemu imevutika na kuwa nyembamba, itupe. Tundu lisafishe, weka grisi ya shaba kwenye nyuzi kama kitabu cha mashine kinaruhusu, na uangalie kipimo cha torki, yaani nguvu ya kukazia, kilichoandikwa ni cha nyuzi kavu au zenye mafuta, kwa sababu nyuzi zilizopakwa grisi zinakazika zaidi kwa nguvu ileile.