Mkalimani wa Kiwolof kwa anayeomba hifadhi Marekani

Kama una rafiki au jirani Msenegali anayezungumza Kiwolof na anaomba hifadhi Marekani, mwambie hili mapema: mahakama ya uhamiaji humpa mkalimani bure, lakini kwenye usaili wa hifadhi wa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, anatakiwa aje na mkalimani wake mwenyewe. Mkalimani huyo awe ametimiza miaka 18, na asiwe wakili wala shahidi wa mwombaji.

Kwanza mwombaji na mkalimani wazungumze kwa simu, tena wataje tarehe. Watu wengi wa Dakar huchanganya Kiwolof na Kifaransa, hasa kwenye namba. Wa Banjul, Gambia, huchanganya na Kiingereza. Mwaka ukikosewa, ofisa ataona maelezo yanapingana na fomu. Na mkalimani asiyeweza kutofautisha, kwa Kiingereza, kukamatwa na kushtakiwa, hafai, hata akiwa ndugu wa damu.