Namna ya kupima ukubwa wa nyota wa kikapu kwa rekodi yake ya mtoano

Mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba anaijua tofauti ya mizani na bakuli la kangomba, yaani biashara ya magendo ya kununua korosho kwa bakuli bila kuzipima kilo. Bakuli linajaa upesi, linapendeza machoni, na anayeumia ni aliyeuza. Kuhesabu pete za ubingwa ili kuamua nani mkubwa kuliko nani katika NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ni kupima kwa kangomba. Robert Horry ana pete 7, Michael Jordan ana 6. Horry alikuwa mtu wa kutegemewa dakika za mwisho, lakini wastani wake wa msimu wa kawaida ni pointi 7 kwa mechi, na hakuna kijiwe kuanzia Mikindani hadi Lindi mjini kitakachomweka juu ya Jordan. Maana yake wote tumeshakubali kwamba pete hazitoshi. Tunachokosa ni mizani.

Tafuta daftari, kalamu, na simu yenye bando. Tenga kama saa moja kwa kila mchezaji.

Anza na rika

Chagua watu wanne au watano waliocheza nafasi moja, au nafasi zinazokaribiana, na ambao miaka yao ilipishana. Senta, yule mrefu anayecheza karibu na kikapu, apimwe na masenta. Rika halipatikani kwa kuangalia nani waliingia ligi pamoja: mwaka 2009, timu zilipochagua wachezaji wapya, Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa pili, James Harden wa tatu, Stephen Curry wa saba, na kazi ya Thabeet uwanjani ilikuwa tofauti kabisa na ya hao wawili. Pia mtu unayetaka kumwita mkubwa awe na mechi zisizopungua 50 za mtoano. Chini ya hapo, mfululizo mmoja mzuri, yaani mechi zote dhidi ya mpinzani mmoja wa mtoano, unaweza kuvuta wastani wote juu.

Andika mfululizo mmoja mmoja

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wanapokata kona. Kila mfululizo upewe mstari wake: mwaka, mpinzani, mpinzani alishinda mechi ngapi msimu wa kawaida, timu ya nyota wako ilishinda ngapi, nani alianzia nyumbani, matokeo, na nani aliumia. Mechi za kuwania nafasi ya kuingia mtoano, zinazochezwa kila mwaka tangu 2021, usiziweke. Hazimo kwenye rekodi ya mtoano wala ya msimu wa kawaida.

Tazama mistari ya Hakeem Olajuwon, senta wa Houston, mwaka 1995. Houston walikuwa na ushindi 47, wakaingia wakiwa wa sita upande wao. Wakawatoa Utah (ushindi 60), Phoenix (59) na San Antonio (62), kisha wakawafunga Orlando (57) mechi 4 kwa 0 kwenye fainali. Mifululizo minne, yote ikianzia ugenini. Dhidi ya San Antonio alikutana na David Robinson, ambaye ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa msimu ule. Olajuwon alipata wastani wa pointi 35.3, Robinson 23.8. Ukihesabu pete utaandika “1” na kuendelea na safari. Ukiwa na mistari hii minne, unaona kwamba pete ile ni miongoni mwa nzito kuliko zote katika historia ya ligi.

Safu ya majeruhi usiiache wazi. Mwaka 2015 LeBron James wa Cleveland alipoteza fainali bila Kevin Love, na Kyrie Irving akaumia mechi ya kwanza. Mwaka 2016 Cleveland walitoka nyuma 3 kwa 1 dhidi ya Golden State walioshinda mechi 73, na katika mechi ya tano Golden State walimkosa Draymond Green aliyefungiwa. Yote mawili yaandikwe. Mtu anayeandika la kwanza na kulificha la pili anatetea, hapimi.

Mlinganishe na yeye mwenyewe

Weka wastani wake wa msimu wa kawaida na wa mtoano upande kwa upande. Olajuwon alipanda kutoka 21.8 hadi 25.9. Karl Malone anaonekana hakushuka, 25.0 na 24.7, lakini angalia dakika na usahihi: alicheza kama dakika 37 msimu wa kawaida na 41 kwenye mtoano, na usahihi wa mitupo yake ukashuka kutoka asilimia 51.6 hadi 46.3. Dakika nyingi zaidi, pointi zilezile: huo ni upungufu.

Sababu ya kushuka inaeleweka. Timu dhaifu zimeshaondoka, na mpinzani ni yuleyule mara nne hadi saba. Kocha wa mpinzani ana siku za kutosha kuusoma mtupo anaoupenda nyota wako na kumziba upande huo. Nyota mwenye silaha moja huanza kukwama mechi ya tatu au ya nne, kwa hiyo kwenye kila mfululizo mrefu tenga mechi 1 na 2 na zile za 5 hadi 7, uone namba zimeelekea wapi.

Kuna mtego hapa. Wilt Chamberlain ana 30.1 msimu wa kawaida na 22.5 mtoano, na wengi humhukumu kwa hizo mbili tu. Sehemu kubwa ya mechi zake za mtoano ilikuja miaka ya baadaye, alipokuwa anatupa mara chache kwa matakwa ya makocha wake. Linganisha mwaka kwa mwaka, kisha ndipo ujumlishe. Bado ataonekana kashuka, ila si kwa kiasi kile.

Pima ufanisi

Pointi nyingi zinaweza kutokana na mitupo mingi iliyopotea. Hesabu ni hii: zidisha mitupo huru (ile ya baada ya faulo) kwa 0.44, jumlisha na mitupo ya kawaida, yote ukihesabu iliyoingia na iliyokosa, zidisha jibu kwa 2, halafu gawa pointi kwa hapo. Ile 0.44 ipo kwa sababu si kila mitupo huru miwili inamaliza zamu ya timu. Mwingine unakuja baada ya kikapu kilichoingia pamoja na faulo. Miaka ya 1980 wastani wa ligi ulikuwa kama 0.54, siku hizi ni 0.57 na zaidi.

Chukua mechi mbili. Aprili 1986, Jordan alifunga pointi 63 dhidi ya Boston: mitupo ya kawaida 41, mitupo huru 21. 21 × 0.44 ni 9.24, ongeza 41 upate 50.24, mara 2 ni 100.48, 63 gawa kwa hapo ni 0.63. Chicago, timu ya Jordan, walipoteza, 135 kwa 131, baada ya nyongeza mbili za muda. Sasa mechi ya saba ya fainali ya 2010: Kobe Bryant, pointi 23, mitupo 24, mitupo huru 15. Jibu ni 0.38. Lakers walishinda 83 kwa 79 na Kobe akavaa pete. Alichukua ribaundi 15 (mipira iliyokosa kikapu) usiku ule, nazo zihesabiwe. Lakini anayesoma matokeo tu atasema Kobe alitamba na Jordan alishindwa, na namba zinasema kinyume.

Fainali ulizopoteza si mbaya kuliko ambazo hukufika

Hili ndilo linalowasha moto vijiweni: fainali alizoshinda mtu kwa alizopoteza, Jordan 6 kwa 0, LeBron 4 kwa 6. Jordan aliingia mtoano misimu 13. Mara saba alitolewa kabla ya fainali: raundi ya kwanza 1985, 1986 na 1987, kisha na Detroit 1988, 1989 na 1990, na Orlando 1995. Kumwadhibu LeBron kwa kufika fainali akafungwa, huku aliyetolewa raundi ya kwanza hadaiwi kitu, ni kosa la hesabu. Jerry West alipoteza fainali nane, na mwaka 1969 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali akiwa upande uliofungwa.

Deni la kweli la LeBron ni fainali ya 2011. Alitoka wastani wa 26.7 msimu wa kawaida akaangukia 17.8. Huo ni mstari mmoja mbaya sana, na uandikwe kwa wino uleule wa 2016.

Sawazisha enzi

Tuzo ya mchezaji bora wa fainali ilianza 1969, kwa hiyo Bill Russell mwenye pete 11 kutokuwa nayo si hoja. Alipoanza, ligi ilikuwa na timu 8. Bloku (mitupo ya mpinzani iliyozuiwa) na mipira iliyoibwa vilianza kurekodiwa msimu wa 1973–74, mstari wa pointi tatu ulikuja 1979–80, na raundi ya kwanza ikawa ya mechi saba mwaka 2003. Ndiyo maana jumla za maisha huwapendelea wa karibuni: LeBron amepita pointi 8,000 za mtoano, Jordan ana 5,987, lakini LeBron kacheza zaidi ya mechi 280 na Jordan 179. Tumia wastani kwa ubora, tumia jumla kwa kudumu, na usivichanganye kwenye sentensi moja.

Toa alama

Kila mfululizo upe 0 hadi 3: moja kama ufanisi wake ulifika au ulizidi wa msimu wake wa kawaida, moja kama mpinzani alikuwa na ushindi mwingi kuliko timu yake, moja kama walishinda. Jumla igawe kwa idadi ya mifululizo. Kiwango hicho hakipimi ulinzi, na kwa mtu kama Russell au Tim Duncan hilo ni pengo kubwa, kwa hiyo malizia kwa macho: tazama mechi nzima mbili, moja aliyoshinda na moja aliyopoteza, si vipande vya dakika tatu. Fainali za Juni huanza kwenye saa tisa na nusu usiku kwa saa zetu, basi pakua marudio uangalie mchana. Robo ya nne, usifuate mpira. Mfuate yeye akiwa hana mpira: anamkaba nani, anarudi nyuma kwa mbio au kwa kutembea, na walinzi wangapi wanamfuata anapokatiza.