Kikapu cha Iringa usikipeleke mnadani: kwa mnaouza mtandaoni mkiwa nje

Kila Desemba ndugu zetu wa ughaibuni wakija likizo huku nyanda za juu, Soko Kuu la Iringa hujaa watu wanaonunua vikapu vya milulu, yaani nyasi za majimaji. Zamani ilikuwa viwili vitatu vya zawadi. Siku hizi mtu anabeba ishirini, na ukimuuliza anakwambia, "Dada, hivi naenda kuvinadi eBay." Mimi kazi yangu ni upande wa huku: natafuta mzigo, naukagua, naufunga, nautuma Uingereza, Ujerumani na Marekani. Ushauri wangu wa kwanza huwaudhi wengi: kikapu kipya usikiweke mnadani.

Mnada unataka watu wawili wanaokihitaji kitu kilekile kwa wakati mmoja. Kwenye eBay, lile soko la mtandaoni lenye minada, mnunuzi huandika kiasi cha juu kabisa anachoweza kulipa, kisha mfumo unampandishia dau kidogo kidogo pale tu mwingine anapompita. Asipotokea wa kumpita, dau halisogei. Ukianzia dola 1 na akaja mtu mmoja, kikapu kimeondoka kwa dola 1 na huna pa kulalamika. Sasa wewe una vikapu kumi, mwenzako wa Mafinga aliyeko Texas ana hamsini vinavyofanana na vyako. Nani atagombania? Andika bei moja isiyobadilika, ruhusu watu wakuletee ofa, tulia.

Mnadani peleka kitu ambacho hata wewe bei yake huijui. Mfano mzuri kwa watu wa huku ni sarafu za Mjerumani. Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, na Iringa yenyewe zilikuwa boma zao, na hadi leo kuna kabati za mabibi zenye heller, sarafu zao ndogo, ndani ya kopo la dawa. Heller 1 za shaba za kati ya 1904 na 1913 ni nyingi mno, hazimtoi mtu. Tazama herufi ndogo: A ni ya Berlin, J ni ya Hamburg. Ukiona T na mwaka 1916, hiyo ilipigwa Tabora, kwenye karakana ya reli, wakati wa vita ambapo sarafu kutoka Ujerumani zilikuwa hazifiki tena. Heller 20 za Tabora zina maumbo tofautitofauti ya taji na ya maandishi, na wakusanyaji huyafuatilia hayo kwa lenzi. Rupia 15 za dhahabu zenye tembo, za mwaka huohuo, zina bandia zake. Usiinadi bila kumwonyesha mtaalamu.

Na tafadhali, usiisugue! Kila mara kuna shangazi anayeipitishia sarafu majivu na limao "ing'ae". Iking'aa imekwisha thamani, kwa sababu mkusanyaji analipia ule weusi wa miaka.

Kabla ya kuitoa nchini, au kitu chochote cha kale cha ukoo, pita kwanza Idara ya Mambo ya Kale upate maandishi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 bado ipo, na ukoo nao wakubaliane. Mnada umeshagombanisha ndugu zaidi ya shamba.

Ili kujua bei, usiangalie matangazo yaliyo hewani. Mtu anaweza kuandika dola 900 na kitu kikakaa miaka. Kwenye eBay kuna kichujio cha vilivyouzwa na cha matangazo yaliyokwisha. Hapo ndipo utaona pesa iliyotoka kweli mfukoni. Ukiona vitu kumi vimenadiwa na saba havikupata mnunuzi, umejibiwa.

Mnada wa siku saba unatosha. Upange uishie Jumapili jioni kwa saa za wanunuzi, watu wakiwa nyumbani na simu mkononi, maana madau mazito huingia sekunde za mwisho. Saa 2 usiku London ni saa 5 usiku Iringa wakati wa baridi ya huko, na saa 4 usiku wakati wa kiangazi chao. Nasema hivyo kwa sababu mnatupigia mkitaka kipimo cha kitu dakika kumi kabla ya mnada kufungwa, na sisi tumelala.

Na wala msitutumie kupandisha dau. Kumwomba binamu wa Mwanjelwa aweke dau kwenye bidhaa yako ili ipande, eBay inafunga akaunti kwa hilo, na Uingereza mtu alishatiwa hatiani mahakamani mwaka 2010 kwa kujinadia vitu vyake mwenyewe.

Kichwa cha tangazo kina nafasi ya herufi 80. Usizimalize kwa "kizuri sana". Taja kinatoka wapi, kimesukwa kwa nini, kipenyo na kimo kwa sentimita. Picha zinaruhusiwa hadi 24, na mimi huomba zisipungue nane: ubavu, mdomo, ndani, kitako, pale mkono unapoungana na mwili, na moja kikiwa na mikate au nyanya ili ukubwa uonekane. Piga mchana karibu na dirisha. Kama kuna unyasi umechomoza, upige picha pia na useme. Mnunuzi aliyeonywa harudishi mzigo.

Hapa kwenye ukaguzi ndipo nitawachosha kidogo. Kikapu nakigeuza, nakiweka juu ya meza bapa: kikicheza, kitako hakikusukwa sawa. Navuta mkono kwa uzito wa kilo tatu za mchele wa Kyela. Sehemu za rangi nazipangusa kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kitambaa kikibadilika, hicho kikapu hakiendi nje, kitamharibia mtu shuka au ukuta. Mwisho nakinusa. Vinavyotoka upande wa Mufindi wakati wa ukungu vinaweza kuonekana vikavu huku ndani vimeshika unyevu, na wiki tatu kwenye boksi lililofungwa zinatosha kuota ukungu wa kijani. Ninavianika siku mbili kivulini penye upepo, si juani, jua linafubaza rangi.

Faida nyingi hupotelea kwenye boksi. Kampuni za usafirishaji wa ndege hazitozi uzito wa mzani peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wakagawanya kwa 5,000, na kati ya majibu mawili wanachukua kubwa. Boksi la 60 kwa 40 kwa 40 linahesabiwa kilo 19.2, hata kama vikapu vilivyomo vina kilo sita. Ndiyo maana nawaomba muagize vya ukubwa tofauti vinavyoingiliana, kidogo ndani ya cha kati, cha kati ndani ya kikubwa. Agizo la vikapu kumi na viwili vyote vya saizi moja, virefu, ni agizo la kununua hewa.

Forodha andika ukweli. Bidhaa za kusukwa za namna hii zina namba ya ushuru inayoanza na 4602. Tanzania inaruhusiwa kuingiza Umoja wa Ulaya na Uingereza bila ushuru kwa bidhaa kama hizi, ukiwa na tamko la asili ya bidhaa, ila VAT utalipa. Marekani ilifuta msamaha wa mizigo ya chini ya dola 800 tarehe 29 Agosti 2025, kwa hiyo hesabu za kabla ya hapo zitupeni. Mpingo uko tangu 2017 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ulizeni kabla ya kufungasha vinyago. Pembe za ndovu msizitaje hata kwa utani. eBay ilizipiga marufuku 2009.

eBay imewaondolea watu binafsi ada za kuuza, Uingereza tangu Oktoba 2024 na Ujerumani tangu 2023, lakini anayenunua ili auze ni mfanyabiashara, hata kama anafanyia jikoni. Huyo anatakiwa awe na akaunti ya biashara, analipa kamisheni, na mnunuzi ana siku 14 za kurudisha. Uingereza mapato ya biashara ndogo hadi pauni 1,000 kwa mwaka hayatozwi kodi. Ukifikisha mauzo 30 kwa mwaka, eBay yenyewe itawapelekea watoza kodi taarifa zako. Wanafunzi, ninyi ndio nawasihi zaidi: viza ya masomo ya Uingereza hairuhusu kujiajiri. Kuuza koti lako la zamani ni sawa, kuuza vikapu kila wiki si sawa.

Akikuandikia mnunuzi kwamba amelipa zaidi umrudishie chenji, au mhamie WhatsApp mmalizane, mwache. Kila mzigo uwe na namba ya kufuatilia, kwa sababu bila hiyo akisema hakupokea, pesa inarudi kwake.

Mama msusi alipwe siku anayokabidhi, kwa simu, kabla kikapu hakijapigwa picha. Habari za eBay kuchelewesha pesa hazimhusu. Na kama mnataka kuuza Krismasi, niandikieni Julai: mavuno yameisha, akina mama wana nafasi ya kusuka. Mvua zikianza Novemba wote wako shambani, na hapo hata mkiongeza bei, kikapu kizuri hakuna.