Runinga Ina Masikio? Namna ya Kuvikagua Vyombo vya Nyumbani

Mzee mmoja aliniletea runinga ameifunga shuka mbili, kioo amekigeuzia kifuani mwake. Akaituliza mezani, akainama na kuninong'oneza: "Mwanangu, itoe masikio. Serikali inanisikiliza." Sikumcheka. Ninatengeneza redio na runinga kwa mwaka wa 22 sasa, na watu wa aina yake huja na hofu ambayo wameibeba muda mrefu kabla ya kupata mtu wa kumwambia.

Nilifungua skurubu, nikatoa mfuniko wa nyuma, nikamulika bodi kuu, bodi ya umeme na ile bodi ndogo ya chini inayopokea mwanga wa rimoti. Hamkuwa na maikrofoni. Nikamuuliza rimoti iko wapi, akaitoa kwenye mfuko wa shati. Karibu na ncha yake palikuwa na kitundu kama cha sindano, na chini ya kitundu kitufe chenye alama ya maikrofoni. Sikio alilokuwa akilitafuta alikuwa nalo mfukoni.

Tangu siku ile sianzi tena na swali la kama mtu anasikilizwa au hasikilizwi, maana hilo huwezi kulijibu ukiwa umekaa sebuleni. Ninauliza mengine matatu ambayo yana majibu. Chombo hiki kina sikio au jicho? Kina njia ya kutokea nje? Na kinachotoka kinahifadhiwa kwa nani?

Msingi wa hofu yenyewe upo, na anayekwambia ni upuuzi mtupu hajasoma. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, nembo ya nchi yake iliyochongwa kwenye mbao. Ilitundikwa kwenye makazi ya balozi hadi 1952 ndipo ikagundulika kuwa ndani yake mna kifaa cha kunasa sauti, kisicho na betri wala waya, kinachoamshwa na mawimbi ya redio yanayorushwa kutoka nje ya jengo. Machi 2017 tovuti ya WikiLeaks, inayofichua nyaraka za siri, ilitoa nyaraka za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, zinazoeleza zana iitwayo Weeping Angel, iliyotengenezwa kwa ajili ya runinga za Samsung za kundi la F8000. Unabonyeza kuzima, kioo kinakuwa cheusi, taa inazimika, kumbe maikrofoni inaendelea kunasa. Soma nyaraka zile kwa makini, utaona jambo ambalo vichwa vya habari vililiruka: zana hiyo ilipandikizwa kwa flashi. Ilibidi mtu aingie ndani, aifikie runinga kwa mkono wake.

Kwa hiyo kwa mtu wa kawaida, mlango mpana uko kwingine. Februari 2017 kampuni ya runinga ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 nchini Marekani, baada ya kushtakiwa kwamba runinga milioni 11 zilikuwa zikirekodi kila kilichoonekana kwenye kioo, sekunde kwa sekunde, bila ya wenyewe kukubali. Kampuni ikishakuwa na rekodi, serikali haina haja ya kupanda ukuta wako. Inaomba kwa amri ya mahakama, au inanunua. Juni 2023 ofisi ya mkurugenzi wa ujasusi wa taifa wa Marekani iliweka wazi ripoti inayoeleza kwamba mashirika ya ujasusi hununua taarifa za watu kwenye soko la biashara kama mnunuzi mwingine yeyote. Kazi yako kubwa basi ni kupunguza kinachorekodiwa.

Tafuta masikio na macho

Chukua daftari, pita chumba kwa chumba, andika kila chombo kinachotumia umeme. Usitegemee kumbukumbu, kila ninapofanya zoezi hili na mtu, orodha yake ya kichwani huwa nusu ya ile ya daftarini. Friji ya kawaida, pasi na feni visivyo na waifai vifute hapohapo. Vinavyobaki ni runinga janja na rimoti zake, spika janja, kompyuta, tableti, kengele ya mlango yenye kamera, kifaa cha kumsikilizia mtoto mchanga, saa za mkononi. Usisahau midoli. Mwaka 2017 Ujerumani ilipiga marufuku mdoli uitwao My Friend Cayla kwa sababu ulikuwa na maikrofoni ambayo mtu aliye jirani angeweza kuungana nayo kwa Bluetooth bila hata nywila.

Maikrofoni za siku hizi ni kijisanduku cha chuma cha milimita tatu au nne, kimebandikwa kwenye bodi, na kwa nje huoni chochote ila kitundu kimoja. Kwa hiyo tafuta kitundu kilicho peke yake, kisicho cha skurubu wala cha kupitisha hewa. Ukikutana na kitufe chenye picha ya maikrofoni, huna haja ya kuendelea kutafuta.

Kamera huonekana kwa njia mbili. Zima taa zote, shika tochi usawa wa jicho lako, imulike taratibu ukutani na juu ya makabati. Lenzi hurudisha nukta kali ya mwanga, tofauti na mng'ao mpana wa plastiki. Kisha tumia simu kutafuta mwanga wa kamera za usiku, ambao macho hayauoni. Lakini jaribu simu yenyewe kwanza: elekeza rimoti ya runinga kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza kitufe, na ukiona taa ndogo inamemeta kwenye kioo, simu yako inafaa. Kamera ya nyuma ya simu nyingi ina kichujio kinachozuia mwanga huo, ndiyo maana watu hukagua chumba kizima kwa kamera isiyoona.

Usifungue runinga mwenyewe. Kapasita za bodi ya umeme hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi, na zile runinga za kioo kinene zina volti maelfu kadhaa nyuma yake.

Kagua njia ya kutokea

Hapa usikimbie. Geuza ruta yako, kile kifaa kinachogawa waifai, uone kibandiko cha chini. Kina anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na nywila ya msimamizi. Andika anwani hiyo kwenye kivinjari, ingia, tafuta ukurasa unaoonyesha vifaa vilivyounganishwa. Majina mengine hayatakuwa na maana kwako, herufi na namba tu. Chomoa chombo kimoja, subiri dakika chache, fungua ukurasa upya uone jina lipi limeondoka. Liandike daftarini mbele ya chombo chake. Rudia hadi kila jina lipate mwenyewe. Jina lisilo na mwenyewe lifungie, kisha badilisha nywila ya waifai. Kifaa cha haki kitakulalamikia, cha wizi kitapotea.

Ruta nyingi huonyesha pia kila kifaa kimetumia data kiasi gani. Maudhui yenyewe huwezi kuyasoma kwa sababu yamefichwa kwa msimbo, lakini kiasi kinasema mengi. Sauti ya maongezi iliyobanwa vizuri, kwa kilobiti 24 kwa sekunde, ni karibu megabaiti 11 kwa saa. Saa 24 ni kama megabaiti 260. Kwa hiyo spika inayodaiwa kutuma kila neno mchana na usiku haiwezi kuwa inatuma megabaiti tano tu kwa siku. Andika namba kabla ya kulala, andika tena asubuhi, fanya hivyo siku nne. Kipimo hiki kina tundu moja na sitakuficha: chombo kikigeuza maneno kuwa maandishi ndani kwa ndani, maandishi hayo ni madogo mno kuonekana kwenye hesabu. Data ndogo hupunguza shaka, haiimalizi. Ndiyo sababu chombo usichokihitaji mtandaoni hubishani nacho, unakikatia mtandao.

Kata

Runinga ifanye ibaki kioo tu. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, iambie isahau waifai yako, na kama ina waya wa intaneti uchomoe. Ukitaka kuiacha mtandaoni, tafuta kwenye mipangilio ya faragha vipengele vya kutambua sauti, taarifa za utazamaji na matangazo yanayokulenga, vizime vyote. Hicho cha taarifa za utazamaji hukamata hata picha inayopita kwa waya wa HDMI kutoka kwenye king'amuzi, na watu wengi huruka hapo wakidhani kinahusu programu za runinga peke yake. Baada ya kila sasisho rudi uangalie. Nimekuta vimejiwasha upya.

Vyombo vinavyolazimika kubaki na intaneti viwekee mtandao wa wageni kwenye ruta, mbali na kompyuta na simu zako. Badilisha nywila vilizokuja nazo kutoka kiwandani. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta kwa wingi duniani kwa kujaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani, hakuna ufundi mwingine uliotumika.

Kamera izibe kwa tepu nyeusi isiyopitisha mwanga. Maikrofoni usiizibe kwa tepu ukaamini imezimika. Niliwahi kuijaribu mezani: tabaka tatu za tepu, nikahesabu moja hadi kumi kwa sauti ya kawaida, na nilipofungua rekodi kila namba ilisikika, imefifia kidogo tu. Dawa ya maikrofoni ni kuikatia umeme. Chombo kisicho na betri kikichomolewa hakisikii. Nunua soketi ya kurefusha yenye swichi, ipange spika na runinga humo, zima ukimaliza. Chenye betri kitoe chumbani unapozungumza jambo zito.

Rekodi na funguo

Ingia kwenye akaunti ya kila chombo, futa historia ya sauti, chagua zisihifadhiwe tena. Kisha angalia orodha ya watu na simu zenye ruhusa. Hapa nina deni ambalo bado linanichoma. Mama mmoja aliniambia mtu anajua kila anachofanya nyumbani, na alikuwa na hakika ni serikali. Nilikagua kamera yake ya sebuleni, nikaona ni nzima, nikamwambia awe na amani. Sikumuuliza akaunti ni ya nani. Ilifunguliwa na mume waliyeachana, na kwenye simu ya mwanamume huyo picha zilikuwa zinaingia kila siku. Miezi miwili mama yule aliishi akitazamwa, kwa sababu mimi nilikagua kifaa nikaacha kukagua funguo. Sasa naanza na funguo. Kila kamera ya mitumba, ya zawadi, au iliyofungwa na mtu mwingine, irudishe kwenye hali ya kiwandani na uisajili upya kwa jina lako.

Dalili zinazodanganya

Redio au spika ikikoroma tit-tit-tit kisha simu ikaita, ni simu yenyewe. Simu za GSM, yaani zinazotumia mtandao wa 2G, hurusha mawimbi kwa vipande 217 kila sekunde, na waya wa spika huyanasa. Isogeze simu mita mbili, itanyamaza. Runinga ikijiwasha usiku, mara nyingi king'amuzi kimeiamsha kupitia HDMI. Zima kipengele hicho kwenye mipangilio uone kama itarudia. Taa nyekundu ya kusubiri inaonyesha tu kwamba runinga ina umeme na inasubiri rimoti.

Simu ndiyo sikio kubwa kuliko yote nyumbani. Uchunguzi uliotangazwa Julai 2021 kuhusu Pegasus, programu ya kupeleleza simu kwa siri, ulionyesha serikali zikilenga waandishi wa habari na wanasheria kupitia simu zao. Weka masasisho siku yanapotoka, izime na kuiwasha mara kwa mara, na ondoa ruhusa ya maikrofoni kwa programu isiyoihitaji. Kama kazi yako ni ya namna hiyo na una sababu ya kweli ya kushuku, usifute chochote wala usitupe kifaa. Kizime, kihifadhi, utafute wataalamu wa usalama wa kidijitali wanaohudumia wanahabari na watetezi wa haki, ukiwapigia kwa simu ya mtu mwingine.

Na kama umechomoa kila kitu, chumba ni kimya, na bado unasikia wakikusema, au kila siku chombo kipya kinaongezeka kwenye orodha na usingizi umekukimbia, nakuomba kwa heshima yote uketi na mtu unayemwamini, mumwone daktari pamoja. Nimekaa na watu watatu wa namna hiyo. Bisibisi yangu haikuwasaidia, daktari aliwasaidia wawili.

Mzee wa shuka mbili nilimfungulia rimoti mbele ya macho yake. Nilipuliza hewa ya moto hadi risasi ya kulehemu ikayeyuka, nikaking'oa kile kijisanduku kwa kibano. Nikairudishia rimoti, vitufe vyote vikafanya kazi isipokuwa kimoja. Runinga nikaisahaulisha waifai, nikampa aishike rimoti ajaribu mwenyewe kuunganisha, ikakataa. Aliomba kile kipande cha chuma. Nilikitia kwenye bahasha ndogo, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye mfuko uleule wa shati. Shuka zake alizisahau mezani, akazifuata kesho yake.